Tunampokea Mtoto, Tunamkataa Mtu Mzima

"Babu yako mzaa baba amezikwa wapi?"

Anayeuliza ni karani, na hana ugomvi na mtu. Ana foleni ndefu mbele yake, ana fomu ya kujaza, na pembeni mara nyingi yupo afisa uhamiaji. Anayeulizwa ana miaka kumi na minane au kumi na tisa, amekuja kufuatilia kitambulisho cha Taifa. Kwa kijana wa Kibosho au wa Nkoaranga hilo ni swali jepesi kuliko yote kwenye fomu: babu yuko kihambani, yaani shamba la ukoo, chini ya migomba, na kaburi lake analijua tangu alipoanza kutembea. Kwa kijana aliyeingia nchi hii mgongoni mwa mama, babu huenda alifukiwa kando ya barabara kusini mwa Burundi, huenda hakufukiwa kabisa, na anayejua ni mama, ambaye miaka yote hakutaka kulizungumza.

Vita vilivyomkimbiza mama kijana mwenyewe havikumbuki. Vinamkuta hapo, mbele ya meza ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho, akiwa na cheti cha kidato cha nne mkononi na Kiswahili cha Arusha kisichotofautiana na cha mtu wa Unga Limited.

Ninachodai katika makala hii ni kwamba Tanzania ni karimu kwa mtoto wa vita na bahili kwa mtu mzima anayetokana na mtoto huyo. Sidhani kama kuna roho mbaya ndani yake. Tumejenga utaratibu mzima juu ya dhana kwamba aliyekimbia ni mgeni anayengoja kurudi kwao, na dhana hiyo haina kiti cha mtu aliyekulia hapa.

Ajabu ni kwamba jambo hili liko Arusha, mji ambao umekuwa meza ya kumalizia vita vya majirani. Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walisaini hapa mkataba wa kumaliza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 28 Agosti 2000 ikawa zamu ya Burundi, Mzee Mandela akiwa mpatanishi baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba 1999. Katikati ya mikataba hiyo miwili Umoja wa Mataifa ukaweka hapa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambayo Septemba 1998 ilitoa hukumu ya kwanza ya kimataifa ya kosa hilo dhidi ya Jean-Paul Akayesu, na ikafunga milango mwisho wa 2015. Kwa miaka ishirini madereva teksi, wenye nyumba za kupangisha na wauza mboga wa Arusha waliishi kwa fedha ya mahakama ile. Sisemi hivyo kwa kejeli; mji una haki ya kula.

Lakini soma mikataba hiyo uone mkimbizi anavyoonekana ndani yake. Ule wa Rwanda una itifaki ya wakimbizi iliyosainiwa hapahapa Juni 1993, na humo mna pendekezo ambalo watu wengi hawalijui: mkimbizi aliyeondoka zaidi ya miaka kumi iliyopita asidai mali yake ikiwa imeshakaliwa na wengine. Kwa wapatanishi lilikuwa jambo la busara, maana huwezi kumng'oa mtu kwenye shamba alilolima miaka thelathini. Ule wa Burundi nao una itifaki ya nne inayohusu kuwarejesha wakimbizi na suala la ardhi. Yaani, katika ule wa Rwanda, mabwana wakubwa walikubaliana kwamba muda unabadilisha haki. Miaka kumi ikipita, shamba ulilokimbia si lako tena. Basi miaka kumi hiyohiyo, uliyoitumia kukua, kusoma na kupata marafiki upande wa pili wa mpaka, imekupa nini huko? Hakuna meza iliyolijibu hilo. Muda unahesabiwa dhidi ya mkimbizi. Kwa faida yake hauhesabiwi.

Turudi nyuma kidogo, Tengeru. Anayekwenda Usa River hupita pale, na wengi hawajui kwamba nje kidogo ya barabara kuu kuna makaburi yapatayo 150 ya Wapoland. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilipokea pale watu takriban 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishiwa Siberia kwa nguvu na Wasovieti kisha wakapitia Uajemi hadi Afrika Mashariki. Walijengewa vijumba, wakawa na kanisa, mashamba na shule. Shule hizo zilifundisha kwa Kipoland, maana mpango ulikuwa vita viishe na watoto warudi kwao. Vita viliisha, ila Poland iliyobaki ilikuwa chini ya watu walewale waliowafanya wakimbie, na wengi hawakutaka kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ilikuwa imekwisha. Walio wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Kuna waliofika Tengeru wakiwa wadogo na kuondoka wakubwa, wamelelewa chini ya Mlima Meru kwa ajili ya nchi ambayo haikuwepo tena.

Serikali ya kikoloni tunaweza kuisamehe kwa kukosa mawazo. Lakini Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, watoto wa Kongo wanasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na wa Burundi wamekuwa wakisoma wa Burundi. Sababu ni ileile ya Tengeru: wanarudi. Mtoto anazaliwa Kigoma, analelewa Kigoma, anafika umri wa kuoa Kigoma, na kila asubuhi anafundishwa uraia wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Wakati wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipowekwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa ardhi ya kulima na watoto wao wakasoma shule za Kitanzania. Tofauti ya sera hizi mbili ndiyo inayoamua leo nani anaweza kusimama mbele ya mwajiri na nani hawezi, na haikutokana na kosa lolote la watoto wenyewe.

Kilichobadilisha mambo ni miaka ya tisini. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24, na Benaco, sehemu ya Ngara ambayo haikuwa na kitu, ikageuka mji. Miti ilikwisha, maji yakagombaniwa, wauaji wakajichanganya na waliokimbia wauaji. Nchi tajiri zilizotusifu kwa ukarimu hazikutupunguzia mzigo. Mwishoni mwa 1996 serikali ikawaamuru Wanyarwanda warudi, na mwaka 1998 ikatungwa Sheria ya Wakimbizi inayotaka mkimbizi aishi eneo alilopangiwa na asitoke bila kibali. Anayewalaumu viongozi wa wakati ule bila kuikumbuka Ngara hajui anachosema. Ila sheria iliyotungwa kwa hofu ya mwaka mmoja imeendelea kutawala maisha ya watoto waliozaliwa baada ya hofu yenyewe kuisha.

Sasa njoo mjini, maana si wote waliokaa kambini. Wapo waliotoroka, wapo ambao hawakufika kambini tangu mwanzo, wakapanda lori au basi hadi walikomjua mtu. Kwa sheria ya 1998 mtu huyo akiwa Arusha au Moshi bila kibali ana kosa. Mtoto wake pia, ingawa mtoto hajui. Anachojua ni kwamba wamehamia chumba kimoja, mama anauza ndizi sokoni Kilombero na yeye ndiye anayejibizana na wateja, kwa sababu Kiswahili kimemwingia kwa msimu mmoja wa mvua huku mama bado anasitasita. Siku moja anauliza.

"Mama, sisi kwetu ni wapi?"

"Kasulu. Mtu akikuuliza, sema sisi ni Waha wa Kasulu."

Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba mtu wa Arusha hawezi kuvitenganisha, na hilo limewaokoa wengi. Limewaumiza pia Waha wenyewe, ambao katika nchi yao wenyewe hutiliwa shaka kila wanapofungua mdomo. Lakini fikiria mtoto anavyolipokea agizo lile. Kwa wenzake kabila ni kitu cha kutaniana. Yeye amepewa kabila la kulinda, kama noti ya bandia ambayo hana budi kuitumia dukani kila siku bila mkono kutetemeka. Darasani mwenzake akikimbilia chakula wataambiana "unakula kama mkimbizi", darasa zima litacheka, na yeye atacheka zaidi ya wote.

Na pamoja na hayo yote, utoto wake ni mwema, na hapo ndipo ninapoipa Tanzania sifa yake. Mwalimu mkuu alimwandikisha. Mjumbe wa nyumba kumi alijua na akanyamaza. Mama wa jirani alimpa sare iliyombana mwanawe. Alichezea timu ya mtaa, akaimba kwaya, akaitwa "chalii yangu" na watu ambao hawakuwahi kumuuliza lolote. Zahanati walimchanja. Mitaa yetu hufanya kazi hii bila mradi wala mfadhili, na sijui nchi nyingi ambako mtoto wa mtu asiye na karatasi anafika darasa la saba bila kukutana na polisi.

Moshi kuna jambo la ziada. Kila Desemba Wachaga hupanda mlimani, na wenyewe wanatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Kuanzia katikati ya mwezi mabasi kutoka Dar es Salaam yanajaa, mbuzi wanapanda bei, na Arusha mjini panapwaya. Utani ule una ukweli mzito ndani: kuwa mtu ni kuwa na pahali ambapo usipofika utaulizwa. Mtoto aliyekimbia na mama yake hana wa kumhesabu. Akiwa mdogo jirani humchukua, "njoo na sisi Rombo ule ndizi", naye huenda na kurudi amefurahi. Akifika ishirini haendi tena. Huwezi kuwa mgeni wa kudumu kwenye kihamba cha watu.

Halafu inakuja ile miaka kumi na minane. Tangu mwaka 2020 laini ya simu haisajiliwi bila namba ya NIDA na alama ya kidole. Bodi ya Mikopo haimkopeshi asiye raia. Pasipoti, ajira serikalini, akaunti ya benki, vyote vinarudi kwenye karatasi moja. Ule ukimya wa mjumbe na mwalimu mkuu, uliomlinda miaka yote, hapa haumsaidii kitu, kwa sababu mashine haijui kunyamaza. Kijana anaanza kusajili laini kwa jina la rafiki. Anaacha chuo alichopangiwa. Wenzake wanadhani ni uvivu au bangi.

Je, sheria inasema nini? Hapa nawaomba wasomaji wasome wenyewe kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa mtoto ambaye hakuna mzazi wake aliye raia na baba yake ana kinga ya kidiplomasia, au ambaye mzazi wake ni adui na amezaliwa mahali palipokaliwa na adui. Mtoto wa mkimbizi hayumo miongoni mwa hao waliotengwa. Lakini maofisa wetu hawakifuati kifungu kilivyoandikwa. Wanadai angalau mzazi mmoja awe raia. Huenda huo ni msimamo unaoeleweka, nchi nyingi zinao. Basi upelekwe Bungeni ujadiliwe hadharani na uandikwe. Kwa sasa tuna sheria moja kwenye kitabu na nyingine dirishani, na ya dirishani ndiyo inayoshinda.

Na yule aliyezaliwa ng'ambo akaletwa akiwa na miaka miwili, njia yake ni uraia wa kuandikishwa. Awe amekaa nchini mwaka mzima kabla ya maombi, na miaka saba katika kumi iliyotangulia mwaka huo, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema. Yote anayo. Tatizo ni kwamba kuthibitisha amekaa Arusha miaka kumi na mitano ni kukiri kwamba amekuwa nje ya kambi bila kibali miaka kumi na mitano. Kuomba ni kujisalimisha. Na Waziri akikataa, sheria haimlazimu kutoa sababu.

Kule Barabara ya Dodoma, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwahi kulishika jambo la jirani na hili. Mwanamume mmoja alikwenda polisi Babati mwaka 2012 kufuatilia mambo ya ndoa yake, uraia wake ukatiliwa shaka, pasipoti ikachukuliwa, na mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikamkataa, akaishi katikati ya mipaka miwili. Machi 2018 mahakama ikaamua kwamba mtu akiwa tayari amebeba hati za uraia za nchi, ni serikali inayopaswa kuthibitisha kuwa si raia, si yeye. Hukumu ile ingeweza kufungua mjadala mkubwa. Novemba 2019 Tanzania ikajitoa kwenye tamko linaloruhusu mtu binafsi kupeleka shauri moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mahakama bado iko Arusha. Mkazi wa Arusha mwenye lalamiko jipya hawezi kuigongea mlango mwenyewe.

Wapo watakaosema nchi hii imeshatoa uraia kwa maelfu, na ni kweli. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu iliamua kuwapa uraia Wanyarwanda takriban 36,000. Wazigua waliokimbia vita vya Somalia baada ya 1991, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanga karne ya kumi na tisa, walipewa makazi Chogo, Handeni, na kisha uraia. Warundi wa 1972 takriban 162,000 waliandikishwa kuwa raia, ingawa baada ya kukubaliwa walikaa miaka bila vyeti, huku serikali ikitaka kwanza wahame makazi yao, hadi Rais Kikwete alipoanza kuwagawia Oktoba 2014. Hakuna nchi jirani iliyofanya la ukubwa huo.

Tazama lakini namna yalivyotolewa. Kila mara ni kundi, kwa tangazo, kwa ridhaa ya serikali ya siku hiyo. Aliyekimbia Burundi 1972 amepata. Aliyekimbia 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, alihimizwa arudi. Aliyekimbia 2015 vivyo hivyo. Ukimwondoa mtoto mwaka aliokimbia, hakuna kinachowatofautisha. Na hata zawadi yenyewe haina uhakika: mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, walisombwa pia watu walioishi hapa kwa miongo.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama, na sitaki kuipita juu juu. Mtu asiye na asili inayojulikana anaweza kuwa yeyote. Ni kweli. Lakini kumbukumbu ya ukanda huu inasema kinyume cha tunavyodhani. RPF walioingia Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990 wakitokea Uganda waliongozwa na vijana waliobebwa wakiwa watoto, Paul Kagame akiwa mmoja wao, wakakulia kwenye makazi ya wakimbizi Uganda. Walisoma huko, wengine wakapigana vita vya Uganda, na bado waliendelea kuitwa wageni. Mwaka 1982 maelfu ya Wanyarwanda walifukuzwa Mbarara. Walikuwa na sababu nyingi za kurudi kwa bunduki, na kukataliwa walikokulia ni mojawapo isiyoweza kufichwa. Ndugu zao waliopewa uraia Tanzania hawakuunda jeshi hapa. Sitaki kujenga kanuni juu ya mfano mmoja, ila anayedai kwamba kumnyima kijana karatasi kunatulinda naye alete mfano wake.

Kuna kichekesho kingine. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo 2022, na makao makuu ya Jumuiya yako hapa hapa Arusha. Mfanyabiashara wa Bujumbura mwenye pasipoti anaingia na kupewa hadi miezi sita bila viza, anafika mjini, anakula nyama choma, anarudi. Mtoto aliyekimbia mji huohuo anapelekwa kambini. Ujirani wetu una masharti mepesi kwa asiyekuwa na shida.

Kinachohitajika hakidai mkataba mpya wala mpatanishi mashuhuri. Kwanza, kifungu cha 5 kifuatwe au kibadilishwe, kimoja wapo. Pili, kwa aliyeletwa mdogo, tuseme kabla ya miaka kumi, akasoma hapa, kuwe na njia yake ya kuomba isiyomtaka akiri kosa la mama yake. Ushahidi serikali inao: kadi ya kliniki, daftari la mahudhurio la shule ya msingi, namba ya mtihani wa darasa la saba iliyoko Baraza la Mitihani. Hizo ni nyaraka zilizoandikwa na watumishi wa umma, mwaka kwa mwaka, kabla mtoto hajajua kwamba siku moja zitamfaa, kwa hiyo ni ngumu kuzighushi kuliko kiapo cha mahakamani kinachotolewa leo kwa asubuhi moja. Watakaodanganya watakuwepo, kama walivyopo sasa kwenye vyeti vya kuzaliwa, na polisi wapo kwa kazi hiyo.